Kiyoyozi cha Chumbani Kinapovuja Maji: Kazi Yako na Kazi ya Fundi

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, ambako joto na unyevu huandamana, si ajabu kukuta kiyoyozi cha ukutani kimefungwa juu ya kitanda au karibu nacho. Kinapoanza kudondosha maji, godoro hulowa na rangi ya ukuta hubanduka. Na maji hayo yakiifikia soketi, huhatarisha maisha. Somo hili linaeleza kasoro ambazo mtumiaji anaweza kuziondoa mwenyewe, mahali anapopaswa kukomea, na mambo ya kuuliza kabla ya kumlipa fundi.

Maji hayo yanatoka wapi?

Maji yanayodondoka hayakuwekwa ndani ya mashine na mtu yeyote. Ni mvuke uliomo katika hewa ya chumba. Hewa inapopita kwenye koili baridi, mvuke hugeuka matone, kama yale yanayojitokeza nje ya bilauri yenye maji ya barafu. Matone hukusanyika katika kisinia kilicho chini ya koili, kisha huteremka kwa mrija hadi nje ya nyumba. Katika viyoyozi vingi vya nyumbani hakuna pampu ya kuyasukuma. Maji hushuka kwa uzito wake tu. Kwa hiyo, kuona maji yakitiririka nje ni dalili njema. Kasoro ni pale yanapotokea ndani.

Sababu za kawaida ni tatu. Kwanza, mrija umezibwa na vumbi, ute au wadudu. Pili, mrija umepinda, au ncha yake imezama katika maji ya ndoo iliyowekwa kuyakinga. Tatu, chujio limejaa vumbi, hewa haipiti vizuri, koili inaganda barafu, na barafu hiyo inapoyeyuka maji hufurika.

Hatua za kufuata

1. Zima kiyoyozi kwa rimoti, kisha kata umeme wake kwenye swichi kuu. Sogeza kitanda na utandike kitambaa kikavu sakafuni. Usisimame juu ya godoro. Tumia ngazi imara.

2. Fungua mfuniko wa mbele na utazame koili. Ukiona barafu, iache iyeyuke yenyewe kwa saa kadhaa. Usiikwangue kwa kisu, kwani mabomba yake ni membamba na hutoboka kwa urahisi.

3. Toa machujio, yaoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, yaanike kivulini, na uyarudishe yakiwa yamekauka kabisa.

4. Nenda nje ukaukague mrija. Unyooshe palipopinda, na uinue ncha yake ibaki juu ya maji ya ndoo.

5. Mrija ukiwa umeziba, nyonya uchafu kupitia ncha ya nje kwa mashine ya kufyonzea inayohimili maji. Usinyonye kwa mdomo, kwa maana ute huo una vijidudu.

6. Rudisha umeme, washa kiyoyozi kwa muda wa saa moja, na uangalie. Maji yakitoka nje na ndani pakabaki pakavu, kazi imekwisha.

Mahali pa kukomea

Ikiwa maji bado yanadondoka ndani, au barafu inarudi ilhali machujio ni safi, ita fundi mwenye ujuzi. Huenda kisinia kimepasuka, kiyoyozi kimefungwa kikiwa kimeinama upande usiofaa, au gesi imepungua. Usifungue mabomba ya gesi wala kisanduku cha umeme. Gesi ya aina ya R-32 inaweza kushika moto, na R-22 huharibu tabaka la ozoni.

Kabla ya kulipa

Fundi akisema gesi imekwisha, kumbuka kwamba gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, ama ipo tundu inapotokea, ama haikujazwa ipasavyo tangu mwanzo. Mwombe akuonyeshe kipimo, akutajie mahali panapovuja, na aliziba tundu kabla ya kujaza. Kuongeza gesi bila kuziba ni kulipia kasoro ileile mara ya pili.

Ikiwa kiyoyozi bado kina dhamana, soma masharti yake kwanza, kwa kuwa kukifungua zaidi ya machujio kunaweza kuibatilisha. Dai risiti inayotaja kazi iliyofanyika, na uitunze pamoja na hati ya dhamana. Muuzaji akikataa kutimiza dhamana aliyoitoa, mtumiaji nchini Tanzania anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Risiti na hati hiyo ndiyo ushahidi wako wa kwanza.