Feni ya Dari: Inasambaza Hewa Gani?



Mwezi wa tisa ukifika hapa Uvira, kabla mvua hazijashika, joto hupanda. Ziwa letu liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, na milima ya Mitumba imesimama nyuma yetu. Anayeshuka kutoka Bukavu analiona joto hilo siku ile ile. Mabati yanakaa na moto hata usiku, watoto wanalia, na baba aliyetoka zamu ya usiku analala mchana akiloa jasho. Mtu asiyelala anakwenda kazini na kichwa kizito, na mwenye kichwa kizito ndiye mashine inayemkamata mkono. Kwa hiyo feni si jambo la anasa tu. Ni jambo la usalama.

Wengi wenu mnauliza: tufanye namna gani ili feni ya dari, ile tunayoiita vantilatere, ipeleke upepo katika pembe zote za chumba? Tutajibu. Lakini kuna swali la pili ambalo watu hawaulizi: hewa hiyo inayosambazwa ni hewa gani?

FENI HAITENGENEZI HEWA

Tuanze na jambo moja la kushika: feni haipozi hewa, wala haileti hewa mpya. Inasukuma ile iliyomo chumbani. Ukiacha feni inazunguka katika chumba kilichofungwa kisicho na mtu, ukirudi hutakuta chumba kimepoa. Mota yenyewe imekiongezea joto kidogo.

Basi kwa nini tunasikia baridi? Mwili wako una joto la digrii 37 hivi. Ukipata joto unatoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto la mwili. Hewa ikisimama, unyevu unabaki karibu na ngozi na jasho halikauki. Upepo wa feni unaufukuza unyevu huo, jasho linakauka, na wewe unapata nafuu. Kwa hiyo feni inamsaidia mtu mwenye jasho, na jasho linatoka kwa mtu aliyekunywa maji. Asiyekunywa maji, feni haimfai sana.

Tena kuna mpaka. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba hewa ikipita digrii 40, feni inaanza kuuongezea mwili joto. Hewa ya nje hapa kwetu kwa kawaida haifiki huko, lakini chini ya mabati yasiyo na dari, saa nane ya mchana, inaweza kusogea. Hapo kimbilia kivuli cha mwembe kwanza.

NAMNA YA KUIPANGA ILI IFIKE PANDE ZOTE

Katika miaka ya 1880, huko Marekani, fundi mzaliwa wa Ujerumani, Philip Diehl, aliyekuwa akitengeneza mota za vyerehani vya Singer, alichukua mota ya namna hiyo, akaifunga mapanga, akaitundika kwenye dari. Feni zetu za leo ni watoto wa ile.

Mwaga ndoo ya maji katikati ya sakafu ya simenti. Maji yanapiga chini, kisha yanakimbia kila upande mpaka ukutani. Upepo wa feni ya dari unafanya hivyo hivyo: unashuka wima, unapiga sakafu, unatawanyika, unapanda kuta na kurudi juu. Kwa hiyo feni iliyopangwa vizuri inasambaza hewa pande zote yenyewe. Ikishindwa, angalia mambo haya:

1. Mahali. Itundike katikati ya chumba. Ncha ya panga isikaribie ukuta chini ya sentimita 45. Chumba kirefu, cha mita 6 kwa 4, kinapata hewa sawasawa kwa feni mbili ndogo kuliko kwa moja kubwa.

2. Urefu. Toka sakafuni mpaka kwenye mapanga kusiwe chini ya mita 2 na sentimita 10, na ikiwezekana zaidi. Toka mapanga mpaka dari uache sentimita 20 mpaka 30. Ukiibana kwenye dari, inakosa hewa ya kuvuta.

3. Mapanga. Yawe ya urefu mmoja na uzito mmoja, na yainame digrii 12 mpaka 15. Panga lililolala sana linakata hewa kama kisu bila kuisukuma. Lililosimama sana linaichosha mota mpaka inapata moto. Feni ikiyumba, izime, kisha pima kwa kamba toka ncha ya panga moja mpaka ncha ya lingine. Vipimo vyote vilingane.

4. Mahali pa kufungia. Kulabu iingie kwenye mti wa paa wenye nguvu, si kwenye mbao nyembamba ya dari. Weka na waya wa pili wa usalama. Fundi wa umeme ndiye afunge, baada ya kukata umeme.

Kama dari ni fupi, au watoto wanalala kitanda cha juu, usitundike feni ya mapanga marefu. Kwa vyumba hivyo ziko feni ndogo za dari zenye kichwa ndani ya kapu la waya. Kichwa hicho kimeinama, nacho kinajizungusha duara zima, kikitupa upepo pande zote kwa zamu. Faida yake ni kapu: mkono wa mtoto haufiki kwenye panga. Hata hivyo iwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki.

Na umeme? Unatoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi, ambako kituo cha pili kilianza kazi mwaka 1989, lakini sote tunajua unavyokatika. Feni ya kawaida inakula wati 60 hivi. Kwa saa 8 za usiku ni 480. Ziko feni za mota mpya zinazokula wati 30, yaani 240 kwa usiku huo huo. Betri ya volti 12 na ampea 100 ina 1,200, lakini betri ya risasi usiitumie kupita nusu, nayo ni 600. Fanya hesabu hiyo kabla ya kununua paneli ya jua.

SASA SWALI LA PILI

Feni inayosambaza hewa pande zote inasambaza kila kitu kilichomo ndani ya hewa hiyo.

Kikohozi. Mdudu wa kifua kikuu anaelea hewani baada ya mgonjwa kukohoa. Katika chumba kilichofungwa, feni inamchukua na kumgawia kila aliyelala humo. Fungua madirisha mawili yanayotazamana. Sisi wa Uvira tuna bahati: mchana upepo unatoka ziwani, mashariki, na usiku hewa baridi inashuka kutoka milimani, magharibi. Dirisha la ziwa na dirisha la mlima yakiwa wazi, hewa mpya inaingia na ya zamani inatoka. Weka wavu wa mbu dirishani, na ulale ndani ya chandarua, kwa sababu upepo wa feni hauzuii malaria.

Vumbi. Vumbi la mawe linalotuua ni lile jembamba ambalo jicho halilioni, nalo linaelea kwa saa nyingi. Likiingia kifuani halitoki, na ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponyesha. Tena kifua chenye vumbi kinapata kifua kikuu upesi. Kwa hiyo usiweke feni ya kusambaza mahali pa kuponda mawe. Lowesha jiwe kwanza. Nguo za kazi usizikung'ute nyumbani chini ya feni, zilowekwe nje.

Moshi wa mbabula. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Feni haiiondoi, inaichanganya tu. Mbabula usiku ikae nje. Jenereta pia.

MGODINI NI KINYUME

Ndani ya shimo hatutaki hewa itawanyike ovyo. Tunataka iwe na njia moja ya kuingia na njia nyingine ya kutoka. Jambo hili ni la zamani: mwaka 1556 kilichapishwa kitabu cha Georgius Agricola juu ya migodi, na ndani yake zimo mashine za mapanga zilizosukuma hewa safi mpaka chini. Bomba la hewa likitoboka, mwenzako aliye mbele anakosa hewa na vumbi linarudi kwake. Mwambie kapita mara moja. Usikate bomba ili ujipepee mwenyewe.

Mfanyakazi mpya, au aliyerudi kutoka likizo, aanze pole pole. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kulizoea joto. Kunywa kikombe cha maji kila dakika 15 mpaka 20, hata bila kiu.

Mwenzako akianza kusema ovyo, akipepesuka, akianguka na mwili unawaka, joto limempiga kichwani. Mwite mganga. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu. Maji pamoja na upepo ndiyo dawa ya kwanza. Asiye na fahamu usimpe kitu mdomoni.

JIPIME

Leo jioni funga nyuzi nyepesi katika pembe nne za chumba, kwenye urefu wa kitanda, uwashe feni. Nyuzi zote zikicheza, hewa inafika pande zote. Uzi mmoja ukilala, rudia mambo manne ya juu. Kisha jibu:

1. Hewa mpya inaingilia wapi katika nyumba yangu, na ya zamani inatokea wapi?

2. Nguo zangu za kazi ziko wapi sasa hivi?

3. Kuna mtu nyumbani anayekohoa wiki mbili au zaidi?

Kama jibu la tatu ni ndiyo, usingoje. Na jasho la usiku usiliwekee joto lawama kila mara. Mtu anayeloa jasho hata chini ya feni, akikonda na kukohoa, aje dispensari apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu ni za bure. Kwa kawaida zinamezwa miezi sita bila kuruka, na mgonjwa anapona. Wakati anazimeza, madirisha ya nyumba yake yawe wazi.