JINA LAKO LIMO KATIKA DAFTARI LA NANI?

Mtu atokaye Maili Moja, Kibaha, kwenda Kisarawe kutafuta kiwanja, hurudi nyumbani jioni akiwa ameliacha jina lake mahali pengi kuliko anavyodhani. Dalali ameandika namba yake ya simu. Mlinzi wa lango amemtaka ajiandike katika kitabu cha wageni. Mwenye duka la kutoa nakala amebaki na picha ya kitambulisho chake cha Taifa. Wala hakuna aliyemwibia kitu. Vyote amevitoa kwa mkono wake.

Zamani mgeni alipofika kijijini akiuliza nyumba ya fulani, wazee hawakumwonyesha kwanza. Walimkaribisha, wakamwuliza: Watoka wapi? Wamtakia nini? Swali hilo lilikuwa mlango wa kila nyumba. Daftari la siku hizi, lililomo katika simu na mashine, halina swali hilo. Humjibu mwema na mwovu sawasawa.

Huko Marekani yako makampuni yakusanyayo anwani za watu, umri wao na majina ya jamaa zao, kisha huziuza habari hizo kwa yeyote atakaye. Anayetaka kutoka hulazimika kuyaomba moja moja. Shida ilikuwa kubwa hata jimbo la California likatunga sheria mwaka 2023, ikiamuru ufunguliwe mlango mmoja wa kupelekea maombi hayo.

Sisi hatuko mbali na jambo hili. Wengi wetu twaijua programu ya Truecaller, itajayo jina la mwenye namba ya simu. Pengine hukuiweka kamwe katika simu yako, na jina lako limo, kwa kuwa wengine walilitoa. Asiyetaka kuwamo anayo njia. Kama uliitumia, kwanza ifunge akaunti yako humo humo ndani ya programu. Kuifuta programu simuni peke yake hakutoshi. Kisha ingia katika ukurasa wa kampuni hiyo wa kuondoa namba, uandike namba yako ukianza na 255, na uthibitishe ombi lako.

Tena yafaa kila mtu abonyeze *106# katika simu yake. Ataona ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta namba asiyoijua, asiseme, “Hainihusu.” Aende katika ofisi ya kampuni ya simu, aitake iondolewe, maana namba ile ikitumiwa kwa utapeli, jina litakaloonekana ni lake.

Je, sheria yasemaje? Katiba yetu, katika ibara ya 16, yalinda maisha ya mtu ya binafsi na mawasiliano yake. Juu ya msingi huo Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa sheria hiyo, akusanyaye habari zako yampasa kukujulisha azikusanya kwa kazi gani, wala asizitumie kwa kazi nyingine asiyoruhusiwa. Wewe nawe waweza kumwuliza anazo habari zako zipi. Waweza kumkataza kuzitumia kwa matangazo ya biashara. Na zikiwa si sahihi, waweza kutaka zirekebishwe au zifutwe. Akikataa, iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Ombi lako liandike kwa maneno machache, litie tarehe, na nakala ubaki nayo.

Lakini tusijidanganye. Maji yakimwagika hayazoleki yote. Kampuni moja ikifuta, nyingine ingali inayo nakala. Basi kazi ya kwanza ni kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta: mwulize mwombaji, “Waitakia nini?” kabla ya kumpa picha ya kitambulisho, na dalali mkishamalizana, mwombe aifute.

Liko na jambo zito zaidi. Ziko programu za mikopo ya haraka ambazo, kabla ya kutoa hata shilingi, hutaka ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo simuni. Mkopaji abanwaye na ada ya shule au dawa ya mgonjwa hubonyeza “kubali” bila kusoma. Siku akichelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha huenda kwa mkwewe, kwa mwalimu wa mtoto wake, kwa mwajiri wake. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hata hivyo tangazo haliwezi kulirudisha jina lililokwisha kuchukuliwa.

Hapa tuangalie vema. Mkopaji alitoa ruhusa, mkwewe hakutoa. Mwalimu hakukopa. Majina yaliyomo katika simu zetu ni amana tuliyowekewa na wenzetu, kila mmoja kwa kutuamini. Twalalamika, na kwa haki, kwamba jina letu limetembezwa. Lakini ni mara ngapi sisi wenyewe tumetuma namba ya jirani kwenye kundi la watu mia bila kumwuliza, au kuchapisha picha ya mtoto wa mwingine pamoja na jina la shule yake?

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu, wiki hii kila mmoja afanye mambo mawili. Aondoe jina lake mahali pamoja asipotaka liwepo. Na atakapoombwa namba ya mwenzake, ajibu kama walivyojibu wazee: “Ngoja kwanza nimwulize mwenyewe.”