Picha Inayomheshimu Mtu

Ndugu wanavikundi, picha hupigwa kila mara vikundini: siku ya kugawa mbuzi, siku ya mgeni wa mradi. Lakini tukiziangalia tunaona nini? Watu wamepangwa mstari kama wamekamatwa, macho yamefinywa na jua, na hakuna aliyeulizwa kama anataka kupigwa. Halafu mama mzee akiaga dunia, familia inatafuta picha ya kumkumbuka, inapata ile ya kitambulisho tu.

Tujifunze kwa Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Huyu alikuwa seremala, na mwaka wa 1948 alifungua studio nyumbani. Vifaa vyake vilikuwa vichache. Kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitanda chake, na mara nyingi alitumia mwanga wa mchana tu. Filamu ilikuwa ghali, kwa hivyo kwa kawaida kila mteja alipigwa picha moja. Basi kazi kubwa ilifanyika kabla ya kubonyeza: mteja aliangalia picha za mfano, akachagua mkao, akaazima saa au redio akitaka. Keïta alimgeuza kichwa kidogo tu. Alifariki mwaka wa 2001, lakini watu wa picha zile bado wanatutazama kwa heshima yao. Hakuna wa kuhurumiwa.

Sisi leo tuna simu, na tunaweza kupiga picha mia bila gharama. Kinachokosekana ni ule utaratibu wa kabla ya kubonyeza. Tufanye hivi:

1. Tumwulize mtu kwanza. Akikataa, basi.
2. Tumweke kivulini, barazani au karibu na dirisha, uso ukielekea penye mwanga. Jua la saa sita hutia macho giza.
3. Tuketi kama ameketi, simu iwe usawa wa macho yake. Tukimpiga kutoka juu anaonekana mdogo.
4. Tuongee naye habari za shamba au wajukuu. Tusimwambie "cheka!" Uso ukishatulia, hapo tubonyeze.
5. Tumwonyeshe picha. Asipoipenda tuifute. Akiipenda, apate nakala yake.

Maswali ya kujadiliana:

- Picha za kikundi chetu zinasema nini juu yetu kwa mtu asiyetujua?
- Ni wazee gani kijijini hawana hata picha moja nzuri? Nani atawatembelea, na lini?