Fildi Masho Okello na Yoabu: Sauti Uliyoisikia ni ya Nani?



Kila tarehe 12 Januari tunapumzika kwa Sikukuu ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wengi tunamjua Mzee Karume, Rais wa kwanza. Lakini sauti iliyowashtua watu redioni siku ile ya mwaka 1964 haikuwa ya Karume. Ilikuwa ya John Okello, fundi mwashi, Mkristo kutoka Lango, Uganda, ambaye hakuwa hata na miaka 30. Alijiita Fildi Masho. Usiku huo watu wake walivamia vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni wakachukua bunduki, na Sultani Jamshid akakimbia kwa meli.

Tuseme ukweli: malalamiko yalikuwepo. Katika uchaguzi wa 1963 chama cha ASP kilipata asilimia 54 hivi ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hiyo inauma. Ila baada ya ushindi, maelfu ya watu waliuawa Unguja, wengi wao raia wa asili ya Kiarabu, huku Okello akitoa vitisho redioni. Baadaye aliandika kwamba Mungu ndiye aliyemwita, kwa ndoto na kwa sauti.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka huohuo wa 1964, muda si mrefu baadaye, alisafiri kwenda bara. Aliporudi, wenzake wakamkatalia kubaki visiwani. Fildi Masho akawa mtu wa kutangatanga. Mara ya mwisho alionekana Uganda mwaka 1971, enzi za Idi Amin, kisha akatoweka. Inaaminika aliuawa. Na si yeye peke yake. Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff, viongozi wakubwa, walirudishwa Zanzibar kutoka bara mwaka 1969 wakauawa. Karume mwenyewe akapigwa risasi Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972.

Biblia inamjua mtu wa namna hii. Yoabu alikuwa jemadari wa Daudi, shujaa kweli. Lakini alimuua Abneri kwa hila (2 Samweli 3:27), na Amasa akamshika ndevu kana kwamba anambusu, kumbe ana upanga (2 Samweli 20:9-10). Alipoingia Sulemani, Yoabu alikimbilia hemani mwa Bwana akashika pembe za altare. Haikumsaidia. Benaya alimuua, kisha akapewa cheo chake (1 Wafalme 2:28-35). Cheo kilichopatikana kwa damu hakikai. Yesu alimwonya Petro jambo hilohilo pale bustanini (Mathayo 26:52).

Tujifunze nini?

1. Kuonewa si ruhusa ya kufanya lolote. Katekisimu namba 2243 inaweka masharti mazito kabla ya kushika silaha: dhuluma iwe kubwa na ya muda mrefu, njia nyingine zote ziwe zimejaribiwa, na isizuke vurugu mbaya zaidi. Na kumuua raia asiye na hatia hakuna sharti linalokuhalalisha.

2. Pima sauti. Si kila anayesema "Mungu kanituma" ametumwa. Tazama matunda (Wagalatia 5:22-23): je, kuna upendo, amani, upole? Mpeleke padre wako au mlezi wako hiyo "sauti" kabla hujaifuata.

3. Redio ya leo ni simu yako. Wakati wa uchaguzi, ujumbe wa kuchochea chuki dhidi ya kabila, chama au dini fulani unafika kwenye grupu la WhatsApp. Usiusambaze. Ukikaa kimya na kuufuta, umeshaokoa kitu.

Ukifika Mji Mkongwe, ingia Kanisa la Minara Miwili, la Mtakatifu Yosefu. Piga magoti, waombee wote waliokufa 1964, wa kila upande, na Okello pia. Huruma ya Mungu haimtengi mtu.

Maswali ya kutafakari
- Ni hasira gani ninayoipa jina la Mungu?
- Nikidhulumiwa, njia gani ya amani sijaijaribu bado?

Tusali: Ee Bwana Yesu, Mfalme wa Amani, nisaidie kuitambua sauti yako kati ya kelele nyingi. Zuia mkono wangu, ulimi wangu na kidole changu nisimwage damu ya ndugu yangu. Mtakatifu Yosefu, utuombee. Amina.