Merikebu Iliyokosa Bandari

Swali: Safari yetu ya meli ya matembezi imevunjwa kwa sababu ya maradhi yaliyoenea duniani, na kampuni yatupa hiari: kurudishiwa nauli yote taslimu, au hati ya safari ya baadaye yenye thamani ya robo zaidi. Tuchague lipi?

Jibu: Bibi, chukueni taslimu. Hati ya namna hiyo, ambayo kampuni kadhaa ziliitoa mwaka 2020 kwa ukarimu ninaoutilia shaka, hakika yake ni deni, na kampuni ikifilisika mtapanga safu pamoja na wadai wengine. Siku nyingine safari ikiingia wasiwasi, msiwe wa kwanza kuivunja, kwa kuwa abiria ajitoaye mwenyewe aghalabu hukatwa sehemu ya nauli kwa mujibu wa mkataba. Bima nazo, nyingi hazilipii maradhi yaliyokwisha kujulikana kabla ya kukatwa.

Walakini fedha ndiyo sehemu nyepesi ya jambo hili. Meli ya matembezi Westerdam, iliyong'oa nanga Hong Kong mwanzoni mwa Februari 2020 na watu zaidi ya 2,000, ilikataliwa Ufilipino, Taiwan, Japani, Guam na Thailand, ijapokuwa hapakuwa na mgonjwa wa korona aliyethibitishwa ndani yake, hata tarehe 13 Kambodia ilipoiruhusu kutia nanga Sihanoukville. Basi, kwa kuwa meli yaweza kukawia baharini hivyo, kati yenu mwenye kutumia dawa kila siku, na achukue akiba ya majuma kadhaa kupita muda wa safari.