Mlio wa Difu ya Nyuma: Tupime Kabla ya Kununua Kipuri

Katika Kata ya Terrat pikapu hufanya kazi ambazo gari dogo haliziwezi. Hubeba matangi ya maji, majani ya ng'ombe, mchanga na mawe ya ujenzi, na nyakati nyingine mgonjwa anayepaswa kufikishwa hospitali usiku. Gari la namna hiyo likilala gereji wiki mbili, hasara haimwangukii mwenye gari peke yake.

Jirani yangu mmoja aliuza ndama wawili ili anunue kichwa cha difu cha mtumba, baada ya kuambiwa kwamba cha kwake kimekwisha. Kilipofungwa, mlio ulibaki palepale. Kilichokuwa kibovu ni beringi ya gurudumu la nyuma la kushoto, kipuri ambacho bei yake haikaribii hata nusu ya ndama mmoja. Makala hii imeandikwa ili mwenye gari aweze kumweleza fundi dalili sahihi, na aweze kuuliza maswali kabla ya kutoa fedha.

Difu hufanya kazi mbili. Kwanza hupokea mzunguko wa propela na kuugeuzia pembeni kuelekea magurudumu, huku ikipunguza kasi yake. Katika pikapu nyingi propela huzunguka takribani mara nne ili gurudumu lizunguke mara moja. Kazi hiyo hufanywa na gia ndogo iitwayo pinioni na gia kubwa iitwayo kroni. Pili, huruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi ya lile la ndani gari linapokata kona. Hiyo ni kazi ya gia ndogo zilizo katikati ya kroni.

Kutokana na mgawanyo huo, namna mlio unavyobadilika hueleza mengi. Chagua kipande cha lami kilicho tulivu, endesha kwa mwendo wa wastani, kisha sikiliza. Mlio mwembamba, kama wa kuimba, unaoongezeka unapokanyaga mafuta na kubadilika unapoachia, kwa kawaida hutoka kwenye kroni na pinioni au beringi za pinioni. Mngurumo usiojali kama umekanyaga au umeachia, bali huzidi unapokata kona ya upande mmoja, huelekeza kwenye beringi ya gurudumu. Ukikata kulia uzito huelemea magurudumu ya kushoto. Mngurumo ukizidi hapo, mshukiwe wa kwanza ni beringi ya kushoto. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa jirani yangu, na jaribio hilo halikuhitaji spana hata moja. Kelele inayotokea kwenye kona tu, na kutoweka gari linaponyooka, hushukiwa kwenye gia za katikati.

Mgongo mmoja wa "koo!" unapoachia klachi au kubadili gia mara nyingi si difu. Zuia magurudumu kwa mawe, weka gia huru, kisha shika propela kwa mkono na uitikise. Krosi zikicheza, anza na hizo. Mlio unaobadilika unapotoka lami na kuingia moramu, nao huenda ni wa matairi. Hata matairi mawili ya nyuma yasiyolingana ukubwa huilazimisha difu kufanya kazi ya kona muda wote, hata barabara ikiwa imenyooka.

Baada ya masikio, oili. Egesha gari mahali tambarare, likiwa limepoa. Fungua kwanza nati ya kujazia, iliyo juu, ndipo ufungue ya kumwagia. Wapo waliomwaga oili yote na kugundua kwamba nati ya juu imeganda, gari likabaki halina oili wala pa kuijaza. Kiwango sahihi hufika ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Matope ya kijivu mepesi kwenye sumaku ya nati ni ya kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvihisi kwa vidole si vya kawaida, na gari hilo lisipakie mzigo mpaka difu ifunguliwe. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Jambo hili hutokea hasa wakati wa masika: difu iliyopata moto ikizamishwa ghafla kwenye korongo lenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili na kipumulio.

Kipumulio hicho ni kifuniko kidogo juu ya ekseli, na binafsi nakihesabu kuwa kipuri kinachosahauliwa kuliko vyote. Kikizibwa na tope, joto huongeza msukumo ndani, oili hutafuta njia kupitia sili za magurudumu na kulowesha breki shuu. Fundi hubadilisha sili, baada ya mwezi inavuja tena, naye hulaumiwa bure. Gari lenye oili kwenye breki za nyuma halifai kushuka mlima likiwa na mzigo. Shuu zilizolowa zibadilishwe. Kuzifuta kwa petroli hakuziponyi.

Oili ya difu iwe ya daraja la GL-5, na unene unaotajwa kwenye kitabu cha gari, mara nyingi 80W-90. Oili ya injini haifai hapa, kwa kuwa meno ya kroni na pinioni husuguana kwa kuteleza chini ya shinikizo kubwa.

Ikithibitika kwamba gia zimekwisha, kroni na pinioni hubadilishwa pamoja, kwa sababu zimesagwa kama jozi. Muulize fundi kama anacho kipimo cha saa cha kupimia nafasi kati ya meno. Kwenye difu nyingi za Toyota nafasi hiyo ni milimita 0.13 hadi 0.18 tu, na hakuna kidole kinachoweza kukisia hilo. Anayekaza nati ya pinioni "mpaka ikae" anatengeneza mlio mpya.

Anayenunua difu ya mtumba ahakikishe uwiano wake. Kroni yenye meno 41 na pinioni yenye meno 10 hutoa 4.1, ile ya 43 kwa 11 hutoa takribani 3.9. Ukiizuia upande mmoja na kuzungusha upande wa pili mara mbili kamili, idadi ya mizunguko ya pinioni ndiyo uwiano. Kwa pikapu inayovuta magurudumu manne, difu ya nyuma isiyolingana na ya mbele itavunja gia mara utakapounganisha magurudumu yote kwenye barabara ngumu.

Tahadhari moja kwa anayejaribu haya nyumbani. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, gia haiwezi tena kulizuia gari, kwa kuwa difu huliruhusu gurudumu la hewani lizunguke huku la chini likibingirika. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Oili chafu ikusanywe kwenye dumu lenye kifuniko na ipelekwe gereji inayokusanya oili iliyotumika. Isimwagwe mtaroni, kwani mitaro ya jiji letu huishia kwenye mito inayoshuka kutoka Mlima Meru, ukiwamo Themi, na maji hayo hunyweshwa mifugo na kumwagiliwa bustani huku chini.