Kutambua Aina za Vipokezi vya Adenosini Moyoni kwa Kutumia Dawa: Funzo kwa Mwanaistilahi

Utangulizi

Hudaiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mjadala wa sayansi kwa kuwa hakina msamiati. Makala haya yanashikilia kwamba tatizo kubwa zaidi ni kulegea kwa mipaka baina ya maneno tuliyo nayo. Ili kulithibitisha hilo, tutachunguza namna wanafamakolojia wanavyotumia dawa kutambua aina za vipokezi vya adenosini katika tishu za moyo.

Usuli

Adenosini ni kemikali inayotengenezwa na mwili wenyewe. Mwaka 1929, Drury na Szent-Györgyi walionyesha kwamba hupunguza kasi ya moyo na kupanua mishipa inayolisha misuli ya moyo. Je, matokeo haya mawili hupitia mlango mmoja? Mwaka 1979, van Calker na wenzake walitofautisha vipokezi A1, vinavyopunguza AMP-duara ndani ya seli, na A2, vinavyoiongeza. Leo zinatambuliwa aina nne: A1, A2A, A2B na A3.

Istilahi za msingi

Kipokezi ni protini iliyo kwenye utando wa seli, inayopokea ujumbe wa kemikali. Kiamshi ni dawa inayonasa kwenye kipokezi na kukiamsha. Kizuizi hunasa pasipo kukiamsha, kikakinyima kiamshi nafasi. Ni mfano wa ufunguo uingiao kufulini lakini usiozunguka.

Hatua za utambuzi

Kwanza, viamshi hulinganishwa kwa nguvu. CPA, inayopendelea A1, hupunguza kasi ya moyo kwa kipimo kidogo sana. CGS 21680, inayopendelea A2A, hupanua mishipa. Iwapo CGS 21680 ni dhaifu katika tishu fulani ilhali NECA, inayoamsha aina zote, ina nguvu, mtafiti hushuku A2B.

Pili, vizuizi hutumiwa kuhakiki dhana hiyo. Kipimo kidogo cha DPCPX huondoa athari ya A1 ya kupunguza mapigo, na upanuzi wa mishipa ukabakia. ZM 241385 huzuia upanuzi unaotokana na A2A, na kupungua kwa mapigo kukabakia.

Tatu, nguvu ya kizuizi hupimwa. Arunlakshana na Schild (1959) walieleza kwamba kizuizi kinachogombea nafasi na kiamshi hushindwa kiamshi kinapoongezwa. Kiasi cha nyongeza kinachohitajika hudhihirisha jinsi kizuizi kinavyokishika kipokezi. Thamani hiyo ikiwa ni ile ile kwa viamshi tofauti, kuna ushahidi kwamba vyote vinapitia kipokezi kimoja.

Hata hivyo, upendeleo si upekee. Dawa ikizidishwa hugusa vipokezi vingine, na hitimisho huharibika. Kwa hivyo dawa moja pekee haitoshi kuwa shahidi.

Tatizo la kiistilahi

Tuitazame tena CPA. Inapunguza mapigo, na mfasiri asiye mwangalifu ataandika kwamba 'inazuia moyo', kisha aiite kizuizi. DPCPX nayo, inayorejesha mapigo, ataiita kichocheo. Hapo mantiki yote ya jaribio imepinduliwa, kwani CPA ni kiamshi na DPCPX ni kizuizi. Kanuni tunayopendekeza ni hii: dawa ipewe jina kwa kile inachokitendea kipokezi, wala si kwa kile kinachoonekana kwenye kiungo.

Suala hili linavuka kuta za maabara. Kafeini ni kizuizi cha vipokezi vya adenosini. Mgonjwa anayepigwa picha za moyo kwa kutumia adenosini huagizwa asinywe kahawa wala chai kwa angalau saa 12. Akielezwa tu kwamba kahawa 'huchangamsha moyo', anaweza kudhani kikombe kimoja hakidhuru. Ukweli ni kwamba kafeini huweza kuzuia mishipa isipanuke ipasavyo, na picha ikaonyesha uzima mahali penye ugonjwa.

Hitimisho

Maneno kipokezi, kiamshi na kizuizi yametokana na vitenzi ambavyo kila mzungumzaji anavijua. Kinachosalia ni nidhamu ya kulitumia kila moja kwa maana moja. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeunda istilahi hana budi kwanza kulielewa jaribio lenyewe, ndipo alipe jina.